Kikohozi Kwenye Kanda

Ustaz alikuwa na namna yake ya kumpima mgeni. Alikukalisha kwenye kiti cha plastiki, akakupigia wimbo mmoja mara tatu kutoka kanda tatu, kisha akakuuliza ipi ndiyo mama. Kwake, mama ilikuwa kanda ya kwanza kabisa, ile iliyokuwamo ukumbini siku wimbo ulipoimbwa. Nyingine zote zilikuwa watoto na wajukuu, zilizonakiliwa moja kutoka kwa nyingine na kuuzwa sokoni bila mwimbaji kujua.

Mara yangu ya kwanza nilichagua iliyosikika safi kuliko zote.

“Hapana,” akasema. “Hiyo mtu ameosha. Ametoa upepo, ametoa watu wanaongea. Ukisikia kitu iko safi sana, uliza nani ameosha.”

Niliitikia kama mwanafunzi mtiifu. Lakini si muziki ulionipeleka kwake. Nilikwenda kwa sababu mama yangu alinilea akiniambia kwamba mtu huyo ndiye aliyemuuza mjomba wangu.

Mjomba, kaka yake mama, alikuwa mwimbaji hapa Juba wakati wa vita, mji ukiwa mikononi mwa jeshi la Khartoum na tamasha zikianza saa nane mchana ili watu wawahi nyumbani kabla ya amri ya kutotembea usiku. Siku moja, katika ukumbi mmoja pale Nyakuron, aliimba wimbo wa mgeni aliyekaribishwa chakula, akaishia kulifunga ghala la mwenyeji na kutia ufunguo mfukoni. Kila mtu alielewa mgeni ni nani. Wiki tatu baadaye wanaume waliovaa kiraia wakaja kumchukua, na hakurudi. Mtu mmoja aliyefungwa naye alipotoka alimletea bibi habari: walimpigia mjomba kanda. Wimbo wa ghala ulikuwa wa kwanza kwenye kanda hiyo, na kabla haujaanza mtu alikohoa karibu kabisa na kinasa sauti, mara mbili, kikohozi kikavu.

Kikohozi hicho mtaa wetu wote wa Hai Malakal ulikijua. Kilikuwa cha Ustaz.

Sisi tulikimbilia Uganda, kisha Kenya, nikakulia Nakuru. Mkataba wa amani ulipotiwa saini nikarudi, mwaka wa pili wake, kufanya kazi ya mapokezi katika hoteli moja ya makontena kando ya mto. Nikapanga chumba kwa Mama Poni, rafiki wa mama tangu usichana wao. Ukuta wa mabati tu ndio ulionitenga na kiwanja cha Ustaz. Jioni ya kwanza, nikiwa bado natoa nguo kwenye begi, nilisikia upande wa pili mtu akikohoa mara mbili. Nikakaa kitandani.

“Nenda ukamsalimie, ni jirani,” Mama Poni aliniambia asubuhi. “Lakini ukinywa chai yake, usimlipe kwa maneno. Yule anachukua.”

Jirani huyo alikuwa amefundisha shule ya msingi na kuongoza kwaya miaka mingi, ndiyo sababu hata waliomchukia walimwita Ustaz, yaani mwalimu. Kiswahili alikipata Uganda ujanani, alipokuwa mkimbizi wa vita vya kwanza, na alikisema kwa namna ya huko, bila kujali ngeli. Mwili wake ulikuwa mwembamba na shati lake halikukosa kufungwa hadi kifungo cha shingoni. Nyumba yake ilikuwa ya mabati, yenye joto la kuoka mkate, kwa hiyo kanda zake alizihifadhi katika mitungi ya udongo, ile mikubwa ya kupozea maji, mitatu, mikavu, yenye vifuniko vya mbao. Kichwa cha kinasa alikisafisha kwa pamba na manukato ya sokoni. Ndiyo maana kila wimbo uliopigwa katika nyumba ile ulinukia harusi.

Alisikiliza akiwa amefumba macho, na jambo lililoniogopesha ni kwamba hakuwa akisikiliza muziki. Alisikiliza watu. “Hapa kuna mwanamke anacheka,” angesema. “Kwenye ile nyingine yeye iko mbali. Hapa iko karibu. Kwa hiyo hii ilitoka kinasa ya upande wa kushoto.” Aliweza kukuambia nani aliketi wapi katika tamasha la miaka kumi na tano iliyopita. Kisha akayaandika katika daftari la shule lenye jalada la buluu: jina la aliyemletea kanda, aliipata kwa nani, lini, nyimbo zilivyofuatana.

Niambie, ni mwalimu gani wa kwaya anayehitaji kuandika nani aliketi wapi?

Jumamosi moja aliniomba nimsindikize soko la Jebel. Kulikuwa na muuzaji wa sidii aliyetoka Uganda, na kibanda chake kilikuwa na spika kubwa kuliko mlango. Alimwonyesha Ustaz sidii moja yenye picha ya bendi aliyoichapa mwenyewe.

“Mzee, hii iko nyimbo mia na hamsini. Kila kitu iko ndani.”

“Nani amepanga?”

“Kompyuta. Kutoka A mpaka Z.”

“Hiyo kompyuta ilikuwa ukumbini?”

Muuzaji akacheka, lakini Ustaz hakuwa anatania. Aliomba wimbo mmoja uchezwe, akainamia spika, akasikiliza nusu dakika. “Hii ilitoka kanda, kanda ilitoka redio, na betri ya redio ilikuwa inakufa,” akasema. “Sikia, mwimbaji anakuwa mzito kama amelala.” Kisha akatoa daftari. “Wewe ulipata kwa nani? Huyo mtu anakaa wapi? Iko bado na kanda?”

Uso wa muuzaji ukafungwa kama duka. “Mzee, wewe ni mtu wa serikali?”

“Mimi ni mwalimu.”

“Basi mimi sijui.”

Tuliporudi kwa miguu nilimtazama Ustaz kwa pembe ya jicho. Maswali yake yalikuwa maswali ya mpelelezi, moja baada ya jingine, na aliyauliza kwa sauti ile ile ya upole aliyoniulizia kama ninataka sukari.

Nilimuuliza kwa nini mpangilio wa nyimbo unamuuma kiasi hicho. Tulikuwa tumesimama kupisha lori la maji. Akajibu kwa utaratibu, kama mtu ambaye alikuwa na jibu tayari.

“Mwimbaji hapangi hivi hivi. Kwanza analeta ya kusalimia. Halafu ya kuchezesha. Watu wakipata jasho, wakisahau kuogopa, hapo ndiyo anasema kitu alikuja kusema. Kama wewe unachukua hiyo ya mwisho unaweka mbele, umemvua nguo barabarani.”

Nilijua anasema juu ya nani. Hakulitaja jina la mjomba, wala mimi sikulitaja. Kwa zaidi ya mwaka tulinywa chai pamoja, kila mmoja akijua, na hakuna aliyelitaja.

Alikuwa na mambo yasiyopatana. Wauza sidii aliwaita wezi, ingawa yeye mwenyewe hakuwahi kumwomba mwimbaji yeyote ruhusa. Kinasa chake alikuwa akikificha ndani ya mfuko wa kikapu, chini ya kitambaa. Nilipomwambia hivyo akasema, “Mimi nilichukua ili isipotee.” “Na wao?” “Wao wanachukua ili wale. Labda ya kwao iko na sababu zaidi.” Alirekodi sauti za mji mzima, lakini nilipojaribu simu yangu mpya mbele yake, ili tu kusikia inavyonasa, aliifunika kwa kiganja. “Mimi usichukue,” akasema. Niliporudi chumbani niliwaza: anayejua kanda inaweza kufanya nini ndiye anayeiogopa.

Halafu kukawa na lile gari. Mchana mmoja, nikiwa sina zamu, gari jeupe lisilo na namba lilisimama langoni kwake. Wanaume wawili wakashuka, wamevaa viatu vizuri, wakakaa naye karibu nusu saa, wakaondoka na mfuko. Mama Poni aliona pia. “Unaona,” akasema, akiendelea kuchambua bamia. “Amani imekuja, lakini wageni wake ni wale wale.” Nilipomuuliza Ustaz, alisema walikuwa watoto wa rafiki yake. Sikumwamini hata kidogo.

Jumapili iliyofuata nilifanya jambo ambalo bado ninalionea haya. Ustaz alikuwa kanisani. Niliingia kupitia mwanya wa mabati, nikafunua mitungi. Katika mtungi wa tatu, chini kabisa, nikakuta kanda iliyoandikwa Nyakuron na jina la mjomba kwa herufi za mwalimu, zilizonyooka. Nikaichukua, nikajifungia chumbani na redio ya Mama Poni.

Sikuwahi kumsikia mjomba kabla ya siku ile. Sauti yake ilikuwa nyembamba kuliko nilivyodhani, na alipowachekesha watu kati ya nyimbo alicheka kama mama yangu. Nililia kidogo, kisha nikakumbuka nimekuja kufanya nini. Nikangoja wimbo wa ghala. Haukuwa wa kwanza. Ulikuwa wa mwisho, upande wa pili, baada ya watu kucheza mpaka wakachoka. Kikohozi kilikuwapo, mara mbili, karibu kabisa. Mjomba akaimba beti tatu, na katikati ya ubeti wa nne kanda ikaisha. Tak. Kimya.

Nilichanganyikiwa. Kikohozi kilikuwa chake, lakini mpangilio haukuwa ule alioueleza mfungwa. Nikairudisha kanda mwanzo, nikaichomeka tena mtungini kabla ya misa kwisha.

Siku mbili baadaye Ustaz alinimiminia chai na kusema, bila kuniangalia, “Umesikia?”

“Nimesikia nini?”

“Mimi sirudishi kanda mwanzo. Naacha pale wimbo umeisha. Ile ya mtungi wa tatu imerudishwa.”

Nilidhani atanifukuza. Badala yake akaleta daftari la buluu, akalifungua ukurasa wa kwanza kabisa, ambao karatasi yake ilikuwa imeanza kuwa ya manjano.

“Ile ndiyo mama,” akasema. “Kanda yoyote iko na kikohozi yangu na inakatika pale, imezaliwa na hii. Wiki ile nilitoa watoto watatu. Moja nilimpa mwalimu mwenzangu wa kwaya. Ya pili, dereva wa lori. Wote walikuwa watu wangu.” Akapitisha kidole kwenye mistari. “Ya dereva niliisikia miaka mingi imepita. Wimbo iko mwisho, kama nilivyompa. Ya mwalimu wa kwaya, yeye alikufa Khartoum, watoto wake wameniletea juzi, nikasikia, wakarudi nayo. Wimbo iko mwisho. Walipigia mjomba wako kanda ambayo wimbo iko mwanzo. Kwa hiyo mtu amepanga upya.”

Kwa mara ya kwanza alikuwa amesema mjomba wako. Na wageni wa gari jeupe walikuwa kweli watoto wa rafiki yake.

“Na ya tatu?” nikauliza. “Ulimpa nani?”

Akafunga daftari. “Ya tatu sijasikia bado. Mtu hawezi kusema juu ya kanda hajasikia.”

Niliondoka na shaka kubwa kuliko niliyokuja nayo. Mtu anayeandika kila kitu, anayekumbuka kicheko cha mwanamke asiyemjua, vipi asitaje jina la tatu? Nilijiambia hakuna kanda ya tatu. Nilijiambia ameibuni ili alaumiwe mtu asiyekuwepo. Mama Poni nilipomweleza alitikisa kichwa. “Mwongo mzuri hukuachia nafasi moja tupu, uijaze mwenyewe.”

Krismasi nikaenda Nakuru. Baba alikuwa amefariki miaka minne kabla, na mama aliniomba nimsaidie kupanga vitu vyake kwenye sanduku la bati: vyeti, tai mbili, barua za kanisa. Chini yake kulikuwa na kanda moja isiyo na jalada. Kwenye karatasi yake kulikuwa na mwandiko wa baba, ule wa kulalia upande wa kushoto, na neno moja tu: Shemeji.

Mama alikuwa jikoni. Nikaingiza kanda kwenye redio ya sebuleni, nikashusha sauti hadi nikalazimika kuweka sikio. Mtu alikohoa mara mbili, kikohozi kikavu. Halafu mjomba akaanza wimbo wa ghala, wa kwanza kabisa, akaimba beti tatu, na katikati ya ubeti wa nne ukakatika, na ukafuata wimbo wa kusalimia.

Niliitoa, nikaitia ndani ya soksi katika begi langu. Sikumwambia mama. Mezani alinimegea ugali, akaniuliza kama yule mnafiki jirani wa Mama Poni bado yuko hai, nikamwambia yuko hai.

Kanda ile nilikaa nayo miezi mitano. Nilimkwepa Ustaz. Nilibadili zamu, nikapita njia ya nyuma. Nilifikiria kuitupa mtoni, na siku moja nilifika hadi ukingoni nikarudi nayo. Kufikia hapo yeye alikuwa ameanza kudhoofika, na binti yake akamhamishia kwake, chini ya mlima wa Kujur. Mitungi ilikwenda kwa mkokoteni. Mama Poni alisimama langoni akiangalia, wala hakuaga.

Nilikwenda kumwona alasiri ya siku yangu ya mapumziko, kwa boda, begi nimelikumbatia. Nilimkuta ameketi uani kwenye kivuli cha nyumba, blanketi mapajani ingawa jua lilikuwa kali. Kinasa kilikuwa juu ya kigoda karibu naye. Hakuniuliza nilikuwa wapi muda wote huo. Nikatoa kanda kwenye soksi, nikampa.

Aliutazama mwandiko kwa muda mrefu. Kisha akaiweka ndani, akabonyeza, akafumba macho. Kikohozi chake mwenyewe kikatoka kwenye spika. Wimbo ukaanza. Aliusikiliza hadi ulipokatika, akazima.

“Mjukuu wa mama,” akasema. “Imetoka kwa ile nilimpa baba yako, haina mtu katikati. Baba yako alikuwa na mikono safi.”

“Ulijua?”

“Niliwapa watu watatu. Wawili nimesikia zao.”

“Basi kwa nini hukusema? Wamekutukana miaka yote hii. Mama yangu amekutukana mbele yangu tangu nina miaka sita.”

“Niseme kwa nani? Ningemwandikia mama yako barua, kule ugenini na watoto, kwamba mume wake ndiyo ametoa kaka yake?” Akakohoa, akangoja kikohozi kipite. “Na mimi sikuwa na hakika. Kusema bila kusikia, hiyo ndiyo walifanya kwangu. Ulipokuja kukaa pale kwa Poni, nikasema, mama yake amemtuma aangalie kama najua. Kila siku ulikunywa chai yangu, mimi nikawa nakuogopa.”

Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba mtu yule anaweza kuniogopa mimi. Nilimuuliza kama anadhani baba aliwapelekea makusudi.

“Mtu wa kupeleka kanda kwa wale hapangi nyimbo. Anapeleka tu. Huyu alikaa, akachagua, akaweka ile anapenda mbele. Halafu labda mtu wa kazini akaomba. Ndiyo ilivyo.”

Nikatoa simu. Sikuwa nimepanga. Nilimpigia mama, na kabla hajamaliza kunisalimia nilimwambia nimeikuta kanda ya baba, nimeisikia, na wimbo wa ghala ni wa kwanza. Nilisikia redio ya jirani yake kule Nakuru, na sufuria ikiwekwa chini.

“Alimwazimisha mtu wa ofisini kwao,” mama akasema. “Wiki moja. Ikarudi. Nilimwambia asiitoe, akasema ni mpenda muziki tu. Alipochukuliwa kaka yangu, baba yako hakula siku nne. Mtu alipoleta ile habari ya kikohozi, nikashika hiyo. Nilikuwa na mume na watoto. Ningeshika nini?”

Nilimtazama Ustaz.

“Uko wapi?” akauliza.

“Niko kwake. Yuko hapa mbele yangu.”

“Mpe.”

Ustaz aliipokea simu kwa mikono miwili. Walizungumza Kibari, lugha ya kwetu, na Kibari changu ni cha kusikia tu, cha utotoni, lakini upande wa Ustaz niliuelewa wote. Alimsalimia kwa jina lake la usichana. Aliuliza watoto wengine wako wangapi. Halafu mama akasema mengi, kwa muda mrefu. Binti wa Ustaz alitoka ndani akasimama mlangoni, akarudi.

“Hapana,” Ustaz akasema. “Hapana, dada. Sikiliza. Usilie. Wimbo ule ndio uliokuwa mzuri kuliko zote.” Akageuza uso ukutani, lakini sauti yake niliisikia. “Hata mimi ningeuweka wa kwanza.”